Laini mbili, baa zimejaa, sauti chenga: nipigie kwenye 2G, 3G au 4G?

Dada wa Deep Sea aliuliza:

Wadau wa Tanga na kwingineko, hamjambo. Naomba msaada wa mwenye ujuzi, na tafadhali uzi huu usigeuke wa kutukana makampuni. Sitaji jina la mtandao wowote, maana laini zangu mbili ni za kampuni mbili tofauti na zote zinanitesa kwa zamu.

Kazi yangu ni samaki. Alfajiri niko Deep Sea, mnada ukiisha napanga maboksi na barafu, kisha simu haitoki sikioni: Muheza, Korogwe, hadi Moshi. Biashara hii yote inakwenda kwa mdomo. Nani ataandika meseji na mikono imejaa magamba? Sasa nina mteja anaitwa Faida, wa Muheza, na mwingine Saida, wa Korogwe. Nikimwambia kijana wa kupakia kwa simu "boksi la kibua ni la Faida", ananiuliza "Saida?" Namwambia Faida. "Haya, la Saida." Imebidi tuwaite kwa miji yao. Tukiwa uso kwa uso hajawahi kuwachanganya.

Halafu simu yangu janja inaonyesha 4G na baa zote, lakini nikipiga inakaa kimya weee, ndipo ianze kuita. Muda huohuo picha nilizokuwa natuma WhatsApp zinaganda. Kitochi cha mama kinaita papo hapo, sauti yake nzito kidogo lakini inashika.

Nyumbani ni Chumbageni, nyumba ya zamani, kuta za mawe nene. Chumbani 4G inakuja na kuondoka, barazani inajaa. Na kaka yangu ni nahodha, wanavua kuelekea Mkondo wa Pemba. Anasema kuna mahali simu inaonyesha mtandao upo ila ukipiga haiendi.

Kwa sauti tu, intaneti tuiweke pembeni, ipi bora hapo? Na zile simu za TTCL za mezani zisizo na waya, baba alikuwa nayo moja, mbona sauti yake ilikuwa safi hivyo? Ile ilikuwa G ngapi?

Mtoto wa Raskazone alijibu:

Dada yangu, 2G zama hizi? Ingia kwenye mipangilio weka 4G tupu, kwisha habari. Namba ikipanda na ubora unapanda, hamna siri hapo.

Fundi Barabara ya Nane alijibu:

Kijana hapo juu akiweka 4G tupu kwenye simu isiyo na VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu ya sauti ndani ya 4G yenyewe, atashinda anaperuzi huku mama yake anaambiwa namba haipatikani. Msimfuate.

Bibie, mimi nimepanda minara ya mkoa huu mpaka magoti yakagoma, sasa niko Ngamiani natengeneza simu. Umeuliza vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa na swali la "fundi, mtandao gani mzuri". Nitajibu kwa kirefu, vuta kiti.

Simu ya baba yako ilikuwa CDMA. TTCL waliitumia, na Sasatel pia kabla hawajapotea. Ni teknolojia iliyosukumwa sokoni na Qualcomm ya Marekani. Wapigaji wote wanarusha mawimbi kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, kila mmoja na msimbo wake, na mnara ndio unaochambua nani ni nani. Raha yake nyingine, simu inaweza kushikwa na minara miwili kwa pamoja, kwa hiyo ukihama toka mmoja kwenda mwingine husikii mkato. Lakini tusiipe sifa zisizo zake. Simu ile ilikaa palepale mezani, antena imesimama wima, na watumiaji walikuwa wachache. Mnara usio na watu hata uwe wa teknolojia gani utaongea vizuri.

GSM, yaani 2G yetu, inakwenda kwa zamu. Simu ya kwanza ya kibiashara ya GSM ilipigwa Finland mwaka 1991. Kila mkondo wa mawimbi una upana wa kilohezi 200, umekatwa vipande 8 vya muda, na kila mpigaji ana kipande chake kinachorudi mara 217 kwa sekunde. Mnakumbuka zamani redio ikianza kulia "ti-titi-titi" kabla simu haijaita? Ndiyo hayo mapigo yenyewe yanaingia kwenye spika.

Miaka ya tisini watu wa GSM na watu wa CDMA walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, nani ana sauti bora. Halafu ilipokuja 3G, upande wa GSM wenyewe ukaichukua njia ya misimbo, wakaiita WCDMA, mkondo wa megahezi 5 badala ya 1.25 za CDMA ya mwanzo. Kwa hiyo ukipiga kwenye 3G leo, unatumia jamaa wa karibu wa ile simu ya baba.

Sasa Faida na Saida. Hapa kosa si la kijana wako. Simu ya kawaida, tangu enzi za waya, inabeba sauti kuanzia hezi 300 hivi hadi 3400. Irabu zote zinapita humo bila shida. Kinachotofautisha f na s kwa sehemu kubwa kiko juu ya hapo, kwenye ule mvumo mwembamba wa meno na midomo, na simu inaukata kabisa. Masikio yanabaki kubahatisha kutokana na maneno yaliyo jirani, na jina la mtu halina cha kubahatishia. 2G inabeba sauti hiyo nyembamba. 3G ikiwekewa sauti pana, ile wanayoiita HD, inafika hezi 7000. VoLTE nayo hivyohivyo, na simu mpya zenye kodeki (njia ya kubana sauti ili isafiri) iitwayo EVS zinapita hapo. Ukipata sauti pana pande zote mbili, Faida atakuwa Faida.

Sisitizo langu liko kwenye PANDE ZOTE MBILI. Wewe ukiwa na simu ya laki nane na kijana ana kitochi cha 2G, mnaongea sauti ya kitochi. Mkiwa kampuni mbili tofauti, mara nyingi sauti pana inakatwa pale mitandao inapokutana, hata kama kila mmoja kwake anayo. Kwa hiyo kabla hujanunua simu, wewe na kijana wako kaeni laini ya kampuni moja. Ni rahisi kuliko mengine yote.

Kuna jambo jingine wateja wangu hawaniamini nikiwaambia. Baa hazipimi sauti. Zinapima nguvu ya mawimbi yanayokufikia, tena kila mtengeneza simu ana hesabu yake, baa tatu za simu hii si baa tatu za ile. Mkesha wa Idd baa zimejaa na sauti inakuwa ya bati, kwa nini? Kwa sababu 2G ikizidiwa, mnara unafanya kama konda wa daladala ya Pongwe: kiti cha mmoja wanakaa wawili. Sauti inayosafiri kwa kilobiti 12 au 13 kwa sekunde inabanwa mpaka nusu, na wewe unaisikia inatetemeka kama mtu ameweka mkono mdomoni. 3G ina ugonjwa mwingine. Watu wakizidi, eneo la mnara linasinyaa, wa pembeni anaachwa nje ingawa asubuhi alikuwa ndani. Sisi tulikuwa tunasema mnara unapumua.

Kimya chako kabla ya kuita ndicho rahisi kuliko yote. 4G ilijengwa kwa ajili ya data peke yake, haina ile njia ya zamani ya sauti. Simu ambayo haina VoLTE, au inayo lakini kampuni haijaifungulia, ukibonyeza kupiga inabidi iiache 4G, ishuke 3G au 2G, ijitambulishe huko, ndipo ipige. Hizo ni sekunde kadhaa za kimya. Picha zinaganda kwa sababu data nayo imeburutwa chini. Jaribu sasa hivi: piga simu huku unaangalia juu ya kioo. 4G ikigeuka H (ni 3G) au E (ni 2G), umeshuka. Ikibaki 4G, au ikiandika VoLTE au HD, uko pazuri. Kitochi hakina pa kushukia, ndiyo maana kinaita papo hapo.

Kuta: mawimbi ya masafa ya chini yanapenya kuliko ya juu. 2G ya megahezi 900 itaingia chumbani kwako wakati 3G ya 2100 au 4G ya 1800 inaishia barazani. Kama kampuni yako ina 4G ya 700 au 800 mtaani kwako, hiyo nayo inaingia. Kwa hiyo suala la nyumba ni la masafa, lisichanganywe na la G.

Ya kaka nitaandika baadaye, kuna mteja.

Nahodha Kigombe alijibu:

Nathibitisha ya baharini. Ukitoka Kigombe ukazidi kwenda nje, kwanza intaneti inakufa, kisha sauti inakuwa vipandevipande, halafu inafika pale simu inaandika jina la kampuni kabisa na ukipiga inakwambia imeshindwa. Sisi tunajua kitochi ndio mwenzako wa bahari. Hata wenye simu kubwa wanabeba kitochi kwenye mfuko wa nailoni.

Mwana Moa alijibu:

Nyongeza toka huku mpakani. Ukikaa Moa au Jasini, na zaidi ukiwa majini, simu inarukia minara ya Kenya bila kukuuliza. Sauti safi, salio linayeyuka. Ingia sehemu ya kuchagua mtandao, ondoa ile ya kujichagulia yenyewe, chagua kampuni yako kwa mkono. Ukirudi mjini ukumbuke kurudisha.

Mtoto wa Raskazone alijibu:

Sawa fundi nimekuelewa, nisamehe bure. Ila mimi naona tunahangaika. Pigeni WhatsApp, sauti kama uko chumba kimoja na mtu, mambo ya kodeki ya nini?

Fundi Barabara ya Nane alijibu:

Umesamehewa mwanangu. WhatsApp inabeba sauti pana kweli, na mkiwa wote kwenye Wi-Fi nzuri inaipita simu ya kawaida ya 2G mbali sana. Tatizo lake, kwenye mtandao wa simu inasafiri kama data nyingine yoyote. Jirani yako akianza kupakua filamu, nyote mnapanga foleni moja. VoLTE nayo ni data, lakini mnara unaitengea njia yake yenye kipaumbele, sauti inapita kwanza filamu baadaye. Saa nne asubuhi Raskazone huwezi kuona tofauti. Njoo jioni stendi ya Kange, mabasi yameingia na kila abiria yuko kwenye simu, ndipo unipigie WhatsApp.

Haya, nahodha wa bibie.

Mambo mawili yanamkuta huko, na ni tofauti. La kwanza ni nguvu. Kitochi cha 2G kwenye masafa ya 900 kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2 kwenye lile pigo lake. Simu ikiwa kwenye 4G kwa kawaida inaishia wati 0.2. Mnara una nguvu nyingi, unaweza kukufikia wewe huku sauti yako haiufikii. Ndiyo ile hali ya "nakusikia, wewe hunisikii". Kwa hiyo wavuvi kubeba kitochi si ushamba.

La pili ni la ajabu kidogo. 2G ya kawaida ina mpaka wa kilomita 35. Kwa kuwa kila mtu ana kipande chake cha muda, sauti yako lazima ifike mnarani ndani ya kipande hicho isimwingilie mwenzio. Mnara unaiambia simu irushe mapema kidogo kadiri ilivyo mbali, hatua kwa hatua, kila hatua kama mita 550. Hatua zinaishia 63. Ukizidi hapo, simu inausikia mnara vizuri, baa zipo, lakini ikijaribu kuingia inakataliwa kwa sababu inafika imechelewa. Mnara wa mita 50 uliojengwa ufukweni hauna shida hiyo sana, kwa kuwa mzingo wa dunia unauficha karibu na umbali huohuo. Shida ni minara iliyowekwa juu ya vilima. Hiyo inaona mbali kuliko inavyoweza kuhudumia. Kaka yako akiwa katikati ya mkondo, Pemba iko kama kilomita 50 toka bara, anaweza kuwa anatazama baa za mnara usiomfaa kitu.

Makampuni yanaweza kuunganisha vipande viwili ili kumfikia mtu wa mbali zaidi, lakini hapo mnara unahudumia watu wachache, kwa hiyo hawafanyi ovyo. 3G na 4G hazina ukuta huo wa kilomita 35, ila nguvu ya simu inaisha kwanza.

Kwa usalama wake, asitegemee simu ya mkononi ya aina yoyote. Boti iwe na redio ya VHF ya baharini, chaneli 16 ndiyo ya dharura, na betri yake ichajiwe kabla hawajatoka. Haya ya sauti nzuri ni ya biashara. Huko nje ni roho ya mtu.

Dada wa Deep Sea alijibu:

Shikamoo fundi, nimesoma yote, nikamsomea na mama. Nahodha Kigombe asante, kaka anasema mahali unapopataja anapajua.

Niliangalia kioo kama ulivyosema. Laini ya kwanza inashuka hadi E nikiwa sokoni, na H nikiwa barabara ya kwenda Kange. Laini ya pili inabaki 4G na inaita mara moja, kumbe VoLTE ilikuwepo siku zote ila mimi nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya bando tu na napigia ile nyingine! Kijana wa kupakia nimemhamishia kampuni hiyohiyo ya pili. Simu yake ina VoLTE lakini ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio, tukaiwasha. Nilimwambia boksi la ngisi ni la Faida na akanijibu Faida. Halafu akaniuliza mbona leo sauti yangu kali kama nimekasirika.

Nyumbani chumbani hali ni ileile. Laini ya pili ikiingia ndani inapotea, naona ndiyo hayo masafa ya juu. Nimeweka laini ya kwanza kwenye kitochi nakiacha dirishani usiku.

Sasa nataka kumnunulia mama kitochi kipya, nimeona dukani vipo vya 4G. Vina maana yoyote kwa sauti au ni maandishi ya boksi?

Fundi Barabara ya Nane alijibu:

Marahaba bibie. Vipo vyenye VoLTE ya kweli na vipo vya 4G ya intaneti tu, na boksi halikuambii kama kampuni yako imekifungulia kitochi hicho. Usilipe kabla ya kujaribu. Chukua laini yako ya pili, iweke ndani palepale dukani, mpigie kijana wako, angalia kioo. 4G ikibaki wakati mnaongea, lipa. Ikishuka, mrudishie muuzaji, na akikwambia "itakaa sawa ukishafika nyumbani", nenda duka la pili.